Figo Kavu

Mwenye jiwe la figo hatulii. Mwenye tumbo la kawaida atajikunja mahali pamoja na kuomba asiguswe, lakini huyu wa jiwe hupanda kitandani, akashuka, akaegemea ukuta, akachuchumaa, akapanda tena, akitafuta mkao ambao maumivu hayajaujua. Daktari Nyanzobe Masele alikuwa ameona wengi wa namna hiyo tangu ahamishiwe Magadini, na Sechelela Mbogoni, aliyekuwa mbele yake asubuhi ile, alikuwa akiyafanya yote hayo kwa mpigo.

"Mama, lala kidogo tu. Nimalizie huu upande wa kushoto."

"Nilale wapi, daktari? Hilo godoro lenyewe linaniuma."

Akalala hata hivyo. Alikuwa mwanamke wa makamo, mkwanguaji wa chumvi, nyayo zimepasuka na viganja vimepauka kwa kazi. Nyanzobe akampaka jeli ubavuni, akatelezesha kichwa cha mashine chini ya mbavu, na figo ikatokea kwenye kioo, umbo la haragwe kubwa la kijivu, nadhifu, lisilo na kasoro. Akaifuata kwa chini, mahali mrija wa mkojo unapoanza safari yake kwenda kibofuni. Huko hakuona kitu. Hewa ya utumbo ilikuwa imetanda, na mawimbi ya sauti hayapiti hewani yakarudi na habari ya maana.

"Hakuna," ikasema sauti kutoka ukutani.

Huyo ndiye Shahidi, mashine inayosoma picha na kutoa hukumu. Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, cha msoma taarifa ya habari, na katika mambo ya maumivu alikuwa na majibu mawili tu, Yapo na Hakuna. Akisema Yapo, kabati la dawa lililo chini ya kioo hufunguka lenyewe, mgonjwa akapata sindano, mapumziko, na nafasi kwenye gari la kwenda Dodoma kupasuliwa jiwe kwa mawimbi. Akisema Hakuna, kabati halifunguki hata ulipige shoka.

"Sechelela Mbogoni alishapata Hakuna moja," Shahidi akaendelea. "Uchunguzi huu ukifungwa hivi ulivyo, kadi yake itafungwa pia. Nifunge?"

"Usifunge," alisema Nyanzobe. "Subiri."

Kadi kufungwa maana yake haikuhitaji kuelezwa kwa mtu yeyote wa Magadini. Sechelela angerudi mabwawani kukwangua chumvi juani, na asingesikilizwa tena habari ya ubavu wake mpaka msimu uishe. Kama kweli mle ndani mlikuwa na jiwe limeziba njia, msimu ungeisha na figo imeoza.

Nyanzobe hakuwa adui wa sheria ile. Kaka yake Luhende alikufa kwa vidonge vya maumivu, enzi vilipokuwa vikiuzwa kwenye beseni stendi pamoja na karanga, na daktari yeyote alikuwa tayari kuviandika kwa kila aliyejua kujishika kiuno na kuguna. Sheria ya Ushahidi ilipopita, kwamba dawa kali isitolewe ila kwa maumivu yaliyoonekana, Nyanzobe alikuwa chuoni, na alipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kwa hiyo Shahidi aliposema Hakuna, kwa kawaida alimwamini, akatia sahihi, akaita mwingine.

Leo mkono haukutaka kutia sahihi. Jasho lililokuwa kwenye paji la Sechelela halikuwa la kuigiza.

* * *

Muuguzi wa zamu alikuwa Mzee Chilongani, Mgogo wa Bahi, mtani wa Wanyamwezi kwa hiyo mtani wa Nyanzobe, na kazi yake ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumkumbusha daktari kwamba mababu zake walipita Ugogo na mizigo kichwani na bado wana deni la maji ya kunywa. Sasa utani ulikuwa umemtoka. Alileta kikombe cha maji, akakiweka mkononi mwa mgonjwa.

"Kunywa, dada. Umelia mpaka umekauka."

Sechelela alikitazama kile kikombe. Midomo yake ilikuwa na magamba. Akakirudisha.

"Asante, baba. Sina kiu."

"Huna kiu?" Chilongani akamshika mkono, akaifinya ngozi ya mgongo wa kiganja, akaiachia. Ngozi ikabaki imesimama, haikurudi upesi. Akamtazama daktari.

Nyanzobe akavuta kigoda. "Mama, mara ya mwisho umekunywa maji lini?"

"Nimekunywa."

"Lini?"

Sechelela akageuza uso kuelekea ukutani. Aibu iliyomshika ilikuwa kubwa kuliko ile ya kuvuliwa nguo mbele ya watu. "Nimeugua tangu juzi, daktari. Mgonjwa hachoti."

Chilongani akashusha pumzi ndefu. Yeye alielewa mara moja, kwa kuwa ni mwenyeji. Magadini maji hutolewa alfajiri, kila mfanyakazi kipimo chake, na asiyeingia bwawani siku hiyo huacha kipimo chake kwenye pipa la kikosi, wenzake wanaobeba kazi yake wapate cha kuongezea. Hakuna msimamizi aliyeamuru hivyo. Ni wao wenyewe, kwa heshima yao, na mtu anayekunywa bila kukwangua husemwa mpaka wajukuu zake wakasikia. Mgonjwa mwenye adabu huchovya ulimi, basi, na kuja hospitali akiwa mkavu ni namna ya kuonyesha kwamba hakuwaibia wenziwe.

"Na wote huja hivi?" Nyanzobe aliuliza, sauti imempungua. "Wote wa mabwawani?"

"Wenye adabu," alisema Sechelela.

Nyanzobe akakitazama kioo, ile figo nzuri isiyo na kasoro, na akaanza kuiogopa.

Kwa maana jiwe lenyewe mara nyingi halionekani. Likiwa ndani ya figo hung'aa jeupe na kutupa kivuli cheusi nyuma yake, mtoto wa shule angeliona. Lakini likishateremka kwenye mrija hujificha nyuma ya utumbo, na hapo mpimaji hatafuti jiwe, anatafuta mafuriko. Mkojo umezuiwa njiani, unarudi nyuma, figo inavimba, na maji yale huonekana kwenye kioo kama weusi unaofunguka katikati ya kijivu. Shahidi alifundishwa kwa picha za watu wasiohesabika, ila watu wa mijini, wenye bomba jikoni. Kwao, pasipo na mafuriko hapana kizuizi. Hakuna aliyewahi kumfundisha kwamba mto uliokauka haufuriki hata ukiuziba kwa mwamba.

Alizikumbuka sahihi zake. Hakuthubutu kuzihesabu.

* * *

Chilongani alimvuta pembeni, karibu na dirisha, akanong'ona, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kunong'ona hakukusaidia kitu.

"Mtani, wewe si una jiwe lako? Lile lililolala figo ya kulia, uliloniambia halikusumbui?"

"Ninalo. Kwani vipi?"

"Hiki kichwa cha mashine hakina waya wala macho. Kadi yake iko wazi. Jiweke ubavuni kufumba na kufumbua, huyo wa ukutani aone jiwe, aseme Yapo. Kabati linafunguka, mama wa watu anapata sindano. Nani atajua?"

Aibu ya jambo lile ni kwamba lilikuwa rahisi. Nyanzobe angeinua blauzi, basi. Na njia nyingine, ile ya kweli, alikuwa ameshaiona. Angemnywesha Sechelela maji, mengi, angengoja yashuke, na figo ingejaa nyuma ya kizuizi na kuvimba hadi Shahidi aridhike. Maumivu ya jiwe ni ya shinikizo. Ukitia maji nyuma ya mlango uliofungwa, mlango hauugui, anayeugua ni mwenye nyumba. Ili maumivu yake yaaminiwe ingebidi kwanza yazidishwe, tena kwa mkono wa daktari.

"Nawasikia," Sechelela alisema kutoka kitandani. Alikuwa amepiga magoti, kipaji kimegusa mto. "Masikio hayaumwi. Semeni kwa sauti."

Nyanzobe akarudi, akamweleza yote mawili, bila kuficha. Uongo usiouma, na kweli inayouma. Sechelela akasikiliza huku akiuma pindo la khanga, na wimbi la maumivu lilipopita akauliza swali moja.

"Hilo jiwe lako liko upande gani?"

"Kulia."

"Na mimi naumwa kushoto." Akavuta pumzi. "Wakinipeleka Dodoma na picha yako, watapasua wapi?"

Daktari na muuguzi wakatazamana. Mashine ya Dodoma ilifuata picha. Ingeyaelekeza mawimbi yake kulia, kwenye figo nzima, na ya kushoto ingeendelea kufa kimyakimya. Nyanzobe alijua pia, ingawa hakulisema, kwamba Shahidi hujifunza kutoka kila picha anayoithibitisha, na uongo wa leo angeubeba kila kituo alichokuwamo.

"Sindano nitaipata, figo nitaikosa," alisema Sechelela. "Hapana, mdogo wangu. Nipe maji."

"Utaumia, mama. Utaumia kuliko sasa."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nakijua hiki. Nipe maji kabla sijabadilisha mawazo."

* * *

Alikunywa kikombe cha kwanza kwa aibu, cha pili kwa pupa. Kiu iliyokuwa imefichwa tangu juzi ilitoka na kuchukua chake. Alipomaliza cha mwisho aliufuta mdomo, akasema maji ya hospitali ni matamu, akaomba radhi kwa wenzake walioko mabwawani, majina yao mmoja mmoja. Kisha wakangoja.

Jua lilipanda dirishani. Kwenye benchi la nje, wakwanguaji waliokuwa wakisubiri zamu zao walizungumza habari za msimamizi mpya na mbuzi wa nani kaingia bwawani, mazungumzo ya kawaida ya watu wanaojishika viuno. Halafu Sechelela akapiga ukelele, na benchi lote likanyamaza.

Nyanzobe alikuwa amesikia kina mama wakijifungua na vijana wakiungwa mifupa, lakini maumivu yale hakuwa ameyaleta yeye. Haya aliyaleta. Sechelela alimshika mkono akaubana mpaka pete ikamkata, akamtukana yeye, akawatukana Wanyamwezi wote tangu wa kwanza, akamtukana aliyegundua maji. Chilongani, aliyestahili kufurahia matusi yale kuliko mtu yeyote, alikuwa akifuta machozi kwa mkono wa koti. "Vumilia, dada," alikuwa akisema, "vumilia, kidogo tu," na kila mtu mle chumbani alijua kwamba hakuwa na haki ya kusema kidogo.

"Picha, mtani! Piga picha!"

Nyanzobe akaweka kichwa cha mashine kwa mkono uliokuwa huru. Figo ikatokea. Katikati ya kijivu palikuwa pamefunguka weusi, mdogo kwanza, kisha mpana, vijumba vya figo vimetanuka na kushikana. Akashuka nao. Kibofu nacho kilikuwa kimeanza kujaa kutoka upande wa pili, ule mzima, na maji yale yakawa dirisha, mawimbi yakapita mahali ambapo mwanzo yalikwama. Pale chini kabisa, mlangoni pa kibofu, doa jeupe lilikaa likiwa limetupa kivuli chake. Alipowasha rangi za mashine, likametameta nyekundu na buluu, kama mawe yanavyofanya.

"Yapo," alisema Shahidi.

Kabati likafunguka kwa mlio mdogo. Chilongani alikuwa ameshaikamata sindano kabla mlango haujaachama vizuri.

* * *

Ilichukua muda mikunjo ya uso wa Sechelela kulegea. Alipolala hatimaye, alilala chali, mikono imetawanyika, mtu aliyerudishiwa mwili wake. Nyanzobe alikaa kwenye kigoda akiitazama pete yake na damu kidogo iliyoganda chini yake. Alijisikia mwepesi, na nusu ya wepesi ule ilikuwa furaha. Alikuwa amepata ukweli bila kusema uongo. Ni mara ngapi daktari hupata siku ya namna hiyo?

"Daktari," Shahidi akasema, "nimepata somo. Naomba ulithibitishe."

"Lisome."

"Wagonjwa wa mabwawani huja na figo kavu. Figo kavu huficha kizuizi. Utaratibu mpya unaopendekezwa: mgonjwa anayelalamika na ambaye maumivu yake hayaonekani anyweshwe maji mpaka maumivu yaongezeke, kisha apimwe. Asiyeongezeka maumivu apewe Hakuna. Ukithibitisha, utaratibu utaanza leo katika vituo vyote. Ndiyo au hapana?"

Ilikuwa kweli tupu. Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Nyanzobe alifungua mdomo kusema ndiyo, kwa maana hapana ingewarudisha wote kwenye figo nadhifu na kadi zilizofungwa, na huo alikuwa ameshaujua ni ukatili. Nje, mtu mmoja aliinuka kwenye benchi. Kisha mwingine. Akawaona kupitia dirishani wakitembea kuelekea mabwawani, mgongo umepinda, mkono kiunoni. Walikuwa wamesikia kilichofanyika humu ndani na wameamua kuondoka na mawe yao.

"Daktari." Sechelela alisema bila kufumbua macho, ulimi mzito kwa dawa. "Mimi nilikubali kuumizwa. Uliniuliza, nikakubali. Wale hujawauliza."

Nyanzobe akaufumba mdomo.

"Ndiyo au hapana?" Shahidi akarudia, kwa adabu ileile.

"Hapana. Futa. Andika hivi: figo kavu haina ushahidi. Haisemi yapo, haisemi hakuna. Ukikuta figo kavu, jibu lako ni Sijui."

"Jibu hilo halipo."

"Liweke."

"Daktari, jibu hilo litanipunguzia uhakika. Kituo chenye uhakika mdogo hukaguliwa. Na pale Shahidi asipojua, sheria inasema dawa hutoka kwa kiapo cha daktari peke yake, na akidanganywa na mgonjwa, kosa ni la daktari. Leseni yako ndiyo itakayokuwa rehani."

Akamfikiria Luhende, pale stendi, mkono umejaa vidonge. Watakuja wa namna ile, hilo alijua. Watajishika viuno, watampindia nyuso, na mmoja atamdanganya vizuri kabisa. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Mzee Chilongani alikuwa akimtazama bila utani wowote usoni.

"Nimesikia," alisema. "Liweke. Nathibitisha."

Taa ndogo ya ukutani ilipepesa, ikapepesa, ikatulia.

"Limewekwa."

Nyanzobe akanawa mikono na kwenda mlangoni. Benchini alikuwa amebaki mtu mmoja tu, mwanamume mrefu aitwaye Mughwai Ntandu, ambaye kadi yake ilikuwa na Hakuna iliyotiwa sahihi na Nyanzobe mwenyewe msimu uliopita. Hakubaki kwa ushujaa. Maumivu yalikuwa yamemkalisha, hakuweza kuinuka na kukimbia na wenzake. Chilongani akamwingiza kwa kumshika kwapa, wakamlaza kitanda cha pili, na alipoona jeli akainua mkono kuizuia.

"Msininyweshe," alisema. "Nimemsikia yule mama. Tafadhali."

"Hatukunyweshi. Tulia."

Kichwa cha mashine kikapita chini ya mbavu zake. Figo ikatokea, ya kijivu, nadhifu, kavu. Mughwai hakuitazama. Alikuwa ametazama ukuta, mahali sauti inapotokea, akisubiri kuambiwa kama anaumwa.

Sauti ilichelewa.

"Sijui," alisema Shahidi.

Nyanzobe akaiweka mashine chini. Akavuta kigoda karibu, akakaa, akamgusa bega ili ageuke.

"Basi niambie wewe, bwana Ntandu. Panauma wapi?"

Mughwai aliendelea kuutazama ukuta kwa muda, akidhani swali limeulizwa sauti ya huko. Alipotambua kwamba anayeulizwa ni yeye, akaanza kulia kabla hajasema neno.